Waranti ya Miaka Mitatu

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kosa ninalolieleza hapa ni la neno moja tu. Lingefanywa na mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, ningelizungushia wino mwekundu na kusonga kwenye daftari linalofuata. Lakini nililifanya mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama kando ya friji mpya katika nyumba ya mama yangu kule Kathonzweni, mikono kiunoni kama mtu aliyeshinda kesi. Mama alililipia kwa mguu wake wa kushoto.

Mama yangu ana ugonjwa wa sukari, ule wa kudungwa sindano. Anajidunga mwenyewe asubuhi na jioni, na dawa yenyewe haipendi joto. Watu wa mahali pa baridi wakiambiwa hivyo huitikia kwa kichwa tu, lakini Kathonzweni mwezi wa Septemba ukiacha siagi mezani utaikuta unaweza kuinywa. Kwa miaka mingi alitumia chungu. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemfunza: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, mchanga unamwagiwa maji kila siku, na juu kitambaa kilicholowa. Alikiweka kwenye kona ya jikoni isiyofikiwa na jua. Maji yakiwa haba, aliyatoa kwenye sehemu yake ya kuoga. Dawa ilikaa vizuri, sukari ilitulia, na mama alikuwa akitembea hadi kanisani na kurudi bila kutafuta mahali pa kuketi njiani.

Kilichoniharibia ni aibu. Walimu wenzangu wanne walikuja siku moja kumjulia hali mama baada ya yeye kuugua malaria. Mmoja wao akauliza dawa ya sukari huwekwa wapi, na mama, kwa maringo yake yote, akaenda jikoni akaleta kile chungu amekikumbatia kifuani. Walimu wakacheka. Walicheka kwa upole, na mmoja hata alipiga picha akisema ni ubunifu, lakini mimi nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele ya watu. Binti wa kwanza, mwalimu, ana kazi ya serikali, na mama yake anaweka dawa kwenye mchanga! Niliapa moyoni kwamba likizo ya Agosti haitapita kabla sijamnunulia friji.

Niliinunua mjini Kitui, kwa sababu ndiko ninakofundisha, kwenye duka kubwa la vyombo vya umeme. Muuzaji aliniita mwalimu kabla sijafungua mdomo. Sisi walimu tunajulikana kwa mikoba yetu.

"Mwalimu, hii friji iko na waranti ya kampuni, mwaka mmoja," akaniambia. "Lakini wacha nikwambie ukweli. Hizi vitu huharibika tu mwaka ukiisha. Chukua extended. Inakuwa miaka mitatu, hakuna stress."

"Na ikiharibika mnafanya nini?"

"Tunakuja mpaka huko Makueni kwa nyumba. Ikikataa kabisa, unapewa ingine. Kitu moja tu, usiache fundi wa mtaani aiguse. Akifungua huko nyuma, waranti imekufa."

Nikaipenda ile karatasi kuliko friji yenyewe. Mimi ni mtu wa karatasi. Nina cheti cha kila kitu, hadi cha ubatizo, kwenye faili moja la buluu, na nilimhesabia muuzaji yule masharti yangu kwa vidole hadi akaanza kutazama wateja wengine. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya namba yangu ya simu na nyingine ya mtu wa mahali friji itakapokaa. Hapo nikaandika ya mama. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, fomu ilisema kwamba kabla ya mwaka wa kwanza kuisha duka litapiga simu kuthibitisha, ndipo ile nyongeza ianze. Nimeyasoma maandishi hayo tangu wakati huo mara nyingi. Siku ile, mimi ninayewafokea wanafunzi kila mtihani wasome maagizo kwanza, sikuyasoma.

Friji ikafika Kathonzweni kwa pikapu, wamama wawili wa kanisa wakaja kuitazama, na mmoja akaomba kabisa juu yake. Walipoondoka nikamwita mama tukabaki sisi wawili. Nikatoa ile karatasi kwenye bahasha yake ya plastiki na nikamweleza kwa Kikamba, isipokuwa lile neno moja ambalo Kikamba hakina, kwa hivyo nikalitumia vile lilivyotoka dukani.

"Mwaitu," nikamwambia, yaani mama yangu, "hii ni waranti. Usiipoteze."

"Walanti?" akauliza. Mama hana herufi ya ra, kama watu wengi wa umri wake huku kwetu.

"Ndiyo. Ya miaka mitatu. Friji ikiharibika, ndipo hii waranti itaanza kufanya kazi."

"Na jina lililoandikwa hapo ni la nani?"

"Ni langu. Mimi ndiye niliyetia sahihi. Kwa hivyo usiruhusu mtu yeyote aiguse, hata fundi. Mtu akiifungua nyuma, hapo itakuwa ni shida kubwa."

Mama alinitazama, kisha akaitazama friji, kisha akachukua karatasi kwa mikono miwili na kwenda nayo chumbani. Nikasikia sanduku lake la bati likifunguliwa na kufungwa. Aliporudi macho yake yalikuwa na maji. Nikadhani ni shukrani. Nilijisikia vizuri sana jioni ile, na sasa kila nikiikumbuka natamani mtu angenizaba kofi.

Kile chungu nilikitoa nje mwenyewe. Nikasema kuku wanywee maji.

Mama aliitunza friji ile kwa namna iliyotuchekesha sote. Aliifunika kitambaa cha kushonwa maua. Hakuruhusu wajukuu waifungue. Umeme ukianza kuchezacheza aliichomoa mbio, na mawingu yakijikusanya, hata kama mvua yenyewe ilikuwa ni ya Taita huko mbali, aliichomoa pia. Jirani yetu, fundi wa redio na pasi pale sokoni, alipokuja kunywa chai hakukaribishwa kukaa upande wa friji. "Mama anaringia friji yake," niliwaambia walimu, na wakacheka tena, safari hii nikacheka nao. Hofu ya mtu mwingine ukiwa huijui inafanana sana na maringo.

Mwaka ukapita hivyo, na dawa ilikaa vizuri. Kila Jumapili baada ya ibada nilimpigia simu. Nilipoenda likizo ya Agosti iliyofuata alinishika mkono mlangoni, akaniuliza kama niko sawa kazini. Nikasema niko sawa. Akauliza kama hakuna mtu anayenitafuta.

"Nani anitafute, mwaitu? Kwani mimi ni ng'ombe aliyepotea?"

Hakucheka. Niliona pia kwamba Jumapili ile watu walipoitwa kwenye Meza ya Bwana yeye alibaki ameketi, ameinamisha kichwa, mikono juu ya kitabu cha nyimbo. Mama yangu, kiongozi wa maombi ya akina mama, ambaye kwake kukosa Meza ya Bwana ni sawa na kukosa maji. Nilimuuliza. Akasema tumbo lilikuwa linamsumbua. Nikamwamini kwa sababu maisha yangu yote sikuwahi kumshika na uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni asiyetakikana kwamba mwenye nyumba hayupo.

Kisha muhula wa tatu ukaanza, ambao kwa mwalimu ni kama mafuriko. Mitihani ya majaribio, mitihani yenyewe, halafu nikaitwa kusahihisha. Sikwenda nyumbani mwezi wa Septemba, wala wa Oktoba, wala wa Novemba. Nilipiga simu tu, na mazungumzo yetu nayakumbuka kwa sababu hayakuwa yakibadilika.

"Friji iko?"

"Iko."

"Na dawa?"

"Iko kwa friji."

"Kliniki wanasemaje?"

"Wameongeza dawa kidogo. Wanasema nipunguze ugali."

Nikamgombeza. Nilimgombeza mama yangu kwa simu kuhusu ugali. Nikamwambia amezidi, kwamba nimemnunulia friji ili awe mzima na yeye anaiharibu kazi yangu kwa tumbo lake. Akasema sawa. Na nikitazama nyuma, hakunidanganya hata mara moja. Friji ilikuwako. Dawa ilikuwa ndani yake. Nilikuwa nimeuliza maswali ya mtu anayetaka kujibiwa haraka arudi kwenye karatasi zake.

Nilifika mwanzoni mwa Desemba. Nilikuwa na kiu, nikaifungua friji kutafuta maji, na pumzi ya joto ikanipiga usoni. Taa haikuwaka. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na unga wa mahindi, kwenye ya kati mbaazi kavu kwenye mikebe, na kule mlangoni, zilikokuwa zikikaa siku zote, chupa zake ndogo za dawa zimepangwa wima, safi, moto kama zimetolewa mfukoni. Umeme ulikuwa umepotea na kurudi kwa kishindo mwishoni mwa Septemba, na friji haikuamka tena. Kwa wiki kumi mama alikuwa amejidunga dawa iliyoharibika, mara mbili kwa siku, bila kuruka.

Nikamwita kwa sauti. Akaja polepole kutoka nje, na hapo ndipo nilipouona mguu. Ulikuwa umefungwa kitambaa cha leso. Mwiba wa mgunga ulikuwa umepenya kandambili wiki kadhaa nyuma, akautoa, akapaka mafuta, na kidonda kikakataa kukauka. Sitaeleza kilichokuwa chini ya leso ile. Tulikodi gari siku hiyohiyo kwenda hospitali ya mji wa Wote, na daktari alipomaliza kutazama alinitoa nje ya pazia akaniuliza kwa utaratibu, bila kunilaumu, tumekaa na kidonda hicho muda gani. Walimkata chini ya goti kabla ya wiki kuisha.

Kila mwaka wanafunzi wangu huandika "majuto ni mjukuu" katika insha, na kila mwaka mimi huwaandikia pembeni kwamba methali hiyo imechakaa, watafute nyingine. Katika ile benchi ya nje ya chumba cha upasuaji nilitafuta nyingine na sikuipata.

Hasira ikanijia badala yake, na hasira inataka mtu. Mama alipokuwa anapata nafuu wodini nilifungua sanduku la bati, nikaichukua bahasha ya plastiki kutoka chini kabisa, chini ya nguo za marehemu baba, nikarudi Kitui hadi dukani. Nilitaka friji ifanye kazi kabla mama hajarudi nyumbani, hilo ni kweli. Lakini zaidi nilitaka kugombana. Dada wa huduma kwa wateja aliichukua karatasi, akabonyeza kompyuta yake, akasoma, akasoma tena.

"Madam, extended haikuanza. Tulikupigia mara kadhaa kuconfirm, hukushika."

Namba nisizozijua huwa sishiki. Nilijua papo hapo kwamba hilo ni kweli, na likanipandisha moto zaidi.

"Nilitoa namba mbili!"

"Ndiyo. Ile ingine tulipiga mara tatu, mwezi wa saba. Mama alishika zote tatu. Alisema hakujui."

"Alisema nini?"

Akageuza kioo cha kompyuta ili nione mwenyewe. Maneno yalikuwa yameandikwa kwa ufupi, na ilikuwa ni sauti ya mama yangu hasa: Huyo mtu simjui. Hajawahi kuishi hapa. Msipige tena.

"Mama yangu hadanganyi," nikasema, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. "Mama yangu ni mtu wa kanisa. Hajadanganya tangu azaliwe. Wewe ndiye mwongo, na aliyeandika hapo ni mwongo!"

Yule dada alinirudishia bahasha kwa mikono miwili, vile tunavyofunzwa kumpa kitu mtu mzima. Sijarudi kumwomba msamaha hadi leo. Nikipita mtaa ule huvuka barabara nitembee upande wa pili.

Nilifika wodini Wote kesho yake saa za kuona wagonjwa. Mama alikuwa ameketi, mto nyuma ya mgongo, blanketi limelala pale ambapo lingepaswa kuinuka. Aliponiona alijaribu kunyanyuka, akanishika mikono yote miwili, akanitazama vifundo vya mikono kama anatafuta kitu.

"Wanasema ulienda kwenye lile duka," akasema.

"Nilienda."

"Na wamekuachilia?"

"Nani aniachilie, mwaitu?"

Akatazama kitanda cha jirani, akapunguza sauti. "Polisi. Wale wa walanti."

Nikaketi kitandani, na yeye akanieleza yote, bila haraka, kama mtu anayetua mzigo. Alijua tangu siku ile ya kwanza kwamba friji si yetu. Duka lilikuwa limeniazima, na mimi, kwa kumpenda yeye, nilikuwa nimetia sahihi waranti ya kukamatwa, ya miaka mitatu. Friji ikiharibika, waranti ianze kufanya kazi. Si ni mimi niliyemwambia hivyo, kwa mdomo wangu? Simu zilipoanza kuja, na mtu akasema kwa Kiswahili anapiga kuhusu waranti ya fulani, je, anapatikana hapo, yeye aliona la kufanya ni moja tu. Alinikana mara tatu, na mtu wa kanisa anajua kukana mara tatu ni nini. Ndiyo sababu hakukaribia tena Meza ya Bwana. Na friji ilipokufa hakumwambia mtu. Fundi angeigusa, ningefungwa. Chungu kingerudi jikoni, wamama wangeuliza friji imekuwaje, habari zingenifikia, nami, kwa vile ananijua nilivyo na kichwa kigumu, ningeenda mwenyewe dukani na kujikabidhi.

"Ndiyo maana nilikuwa naogopa ukija," akasema. "Nilijua utaifungua."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba na jirani, akaitwa kortini mara mbili, na mara zote mbili mvua ilikuwa imenyesha. Kwetu mvua ikinyesha hakuna mtu anayeacha kulima aende kusikiliza hakimu. Askari wawili wakaja asubuhi na karatasi, wakamchukua kutoka shambani akiwa na matope magotini. Mama alipalilia msimu mzima peke yake, akiwa na mimba ya mdogo wangu, kabla baba hajaachiliwa kwa dhamana. Katika nyumba yetu neno waranti liliingia siku ile, kwa mlango ule, na halikuwahi kuwa na maana nyingine. Hata ningetumia Kiswahili changu sanifu, nikasema "hii ni dhamana ya friji," ningekuwa nimemwambia jambo lilelile: kuna mtu amekamatwa. Nilitakiwa kusema kwa Kikamba cha kawaida kwamba friji ni yetu, tumemaliza kulipa, na ikiharibika wenye duka watakuja kuitengeneza. Maneno hayo yote nilikuwa nayo. Niliona lile la dukani ndilo lenye uzito.

"Hujanijibu," akasema mama. "Wamekuachilia?"

Ningeweza kumweleza. Kueleza maana ya maneno ndiyo kazi ninayofanya kila siku, mbele ya watoto wasiotaka kusikia. Hapa nilikuwa na mtu mmoja anayetaka kusikia, na maelezo yangechukua dakika mbili. Lakini nilitazama pale blanketi lilipolala, na nikaona kitakachofuata dakika hizo mbili. Angejua kwamba hakukuwa na polisi. Angejua kwamba alidanganya, akajinyima Meza ya Bwana, akakaa na dawa iliyokufa hadi akakatwa mguu, kwa ajili ya hatari ambayo haikuwako. Aliamini amenunua kitu kwa mguu ule. Nami ndiye ningemwambia kwamba mikono yake ni mitupu.

"Wameniachilia, mwaitu," nikasema. "Waranti wameifuta."

Na hilo la pili lilikuwa kweli tupu, lilikuwa kwenye kompyuta. Mama akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti ya chini, machozi yakimtiririka hadi shingoni, na muuguzi akaja kuuliza kama maumivu yamezidi.

Mwezi wa Januari yule jirani fundi aliifungua friji nyuma, akatoa kifaa kilichoungua kisichozidi kifuniko cha soda, akaweka kingine. Hakumaliza hata chai yake. Friji ikaanza kunguruma, taa ikawaka, na hadi leo haijasumbua tena. Fundi alisema kama angeitwa mwezi wa Septemba angeitengeneza siku ileile. Alilisema hivihivi tu, akipanga vyombo vyake. Nikatoka nje nikajifanya natazama kuku.

Mama aliungama kwa mchungaji, akaombewa, na Jumapili ya kwanza aliyoweza kusimama kwa magongo akarudishwa kwenye Meza ya Bwana. Aliomba nafasi ya kutoa ushuhuda. Nilijaribu kumzuia, nikasema hana nguvu bado, apumzike. Akaniambia mtu aliyetendewa akinyamaza ni mwizi. Nilikaa benchi ya tatu, nimevaa gauni langu la mikutano ya wazazi, nikamtazama akienda mbele, gongo, mguu, gongo. Alisema Bwana asifiwe, kanisa likaitika. Kisha akalieleza kanisa zima, bila kuacha kitu, jinsi binti yake mwalimu alivyochukua friji kwa watu kwa ajili yake, jinsi waranti ilivyotolewa, jinsi simu zilivyokuja, na jinsi Mungu alivyofunika.

Watu walipiga makofi. Wengine waligeuka kunitazama kwa huruma, na mzee mmoja wa kanisa kwa namna ambayo si ya huruma. Bibi aliyeketi kando yangu, rafiki wa mama wa miaka mingi, akanishika goti, akaniinamia sikioni.

"Usichukue tena vitu vya watu, mwanangu," akaninong'oneza. "Umeona vile umemtesa mama."

"Ndiyo," nikamwambia.

Kule mbele mama alikuwa ameegemea gongo moja na kuinua lingine, akinionyesha kwa watu. "Simama wakuone," akasema. Nikasimama. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ile friji iingie nyumbani kwake. "Mguu ulienda," akaliambia kanisa, "lakini huyu hajalala ndani hata siku moja." Kanisa zima likasema amina, nami nikasema pamoja nao.